Namna ya kuchora tao la mlango kwa Canvas: nusuduara, tao bapa, tao lenye ncha na duaradufu

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, kuanzia Malindi mpaka Shangani, utaona milango ya aina mbili kuu. Ipo ile ya zamani zaidi, yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi nzito, na ipo ile iliyokuja baadaye, yenye athari ya Kihindi, ambayo kichwa chake ni nusuduara. Ongeza madirisha yenye tao bapa na milango ya misikiti yenye tao la ncha, na tayari una karibu kila umbo ambalo mchoraji wa kompyuta atatakiwa alijue. Mafundi wetu wanayachora kwa uzi, msumari na penseli, na wanayachora sawasawa. Kazi ya mwongozo huu ni kuyafikisha matao hayohayo kwenye kompyuta, yatoke kwa vipimo vya fundi, si kwa kukisia kwa macho.

Nimechagua Canvas, ubao wa kuchorea kwa amri za kompyuta, kwa sababu imo ndani ya kivinjari. Huna haja ya kupakua chochote wala kuwa na intaneti. Andika faili lenye mwisho wa .html, lifungue kwa Chrome au Firefox, basi. Maktaba nyingine za michoro, kama Cairo, zinafuata mantiki ileile kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukiielewa hii hutapotea kule.

Kwanza, ubao

```
<canvas id="ubao" width="600" height="400"></canvas>
<script>
const ubao = document.getElementById("ubao");
const k = ubao.getContext("2d");
k.lineWidth = 3;
const x0 = 300, y0 = 300;
</script>
```

Mistari yote inayofuata iandike kabla ya ile `</script>`. Nukta (x0, y0) ni katikati ya mstari ambao miguu miwili ya tao inasimama juu yake. Nitaurejea mara kwa mara.

Upana na urefu wa ubao uandike kwenye lebo yenyewe kama hapo juu. Usipoviandika, Canvas inajipa 300 kwa 150. Na ukivipanga kwa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) peke yake, kivinjari kinachukua ubao huo mdogo na kuuvuta ujae nafasi uliyoitaja, na duara linatoka kama yai. Watu wengi wanahangaika na hesabu za duara kumbe hesabu ni sahihi, ubao ndio uliovutwa.

Kwenye simu, mstari unaweza kutoka na ukungu kwa sababu kioo cha simu kina pikseli nyingi kuliko zile ulizotaja. Dawa yake ni hii, iwekwe kabla ya kupanga unene wa mstari, maana kubadilisha upana wa ubao kunafuta mipangilio yote:

```
const uwiano = window.devicePixelRatio || 1;
ubao.width = 600 * uwiano;
ubao.height = 400 * uwiano;
ubao.style.width = "600px";
ubao.style.height = "400px";
k.scale(uwiano, uwiano);
```

Pili, jua sifuri iko wapi

Hapa ndipo matao mengi yanapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shuleni tulifundishwa kwamba Y inapanda kwenda juu. Kwenye ubao wa Canvas, Y inashuka: sifuri iko pembe ya juu kushoto, na kadiri namba inavyokua ndivyo unavyoteremka. Kwa hiyo kila kilicho juu ya miguu ya tao kina Y ndogo kuliko y0.

Pembe nazo zinaanzia upande wa kulia na kuzunguka kama mishale ya saa. Kwetu Zanzibar kuna njia nyepesi ya kulishika hili. Kibla chetu kiko kaskazini, karibu kabisa na kaskazini halisi, kwa sababu Makka na Unguja zinakaribiana sana kwa longitudo. Chukulia kioo ni ramani na juu yake ni kibla. Mkono wako wa kulia, mashariki, ndio sifuri. Nyuma yako, kusini, ni π/2. Mkono wa kushoto, magharibi, ni π. Mbele, kwenye kibla, ni 3π/2. Ukiendelea unarudi mashariki, 2π.

Pembe hizo ni kwa radiani, si nyuzi. Ukipenda kufikiri kwa nyuzi, jiwekee kigeuzi:

```
const nyuzi = d => d * Math.PI / 180;
```

Ukisahau na kuandika 180 ukikusudia nusu mzunguko, Canvas itaisoma kuwa radiani 180, ambazo ni mizunguko zaidi ya 28, na kwa kuwa zimezidi mzunguko mmoja itakuchorea duara zima. Basi ukiona duara zima mahali ulipotaka tao, angalia hapo kwanza.

Tatu, nusuduara la mlango

Amri ya tao la duara inataka kitovu (x na y), nusukipenyo, pembe ya kuanzia na pembe ya kuishia. Ipo ya sita, ambayo ukiiandika `true` tao linakwenda kinyume cha saa. Ukiiacha, linakwenda kwa mwendo wa saa.

Mlango una upana wa 240, kwa hiyo nusukipenyo ni 120. Tunatoka mguu wa kushoto (magharibi, π), tunapita juu, tunashuka mguu wa kulia (mashariki, 2π):

```
k.beginPath();
k.moveTo(x0 - 120, y0 + 80);
k.arc(x0, y0, 120, Math.PI, 2 * Math.PI);
k.lineTo(x0 + 120, y0 + 80);
k.stroke();
```

Angalia kwamba sikuandika mstari wa mwimo wa kushoto kutoka chini hadi mguu wa tao, lakini umechorwa. Amri ya `arc` ina tabia hiyo: ikiwa kalamu ilikuwa mahali fulani, inaunganisha mahali hapo na mwanzo wa tao kwa mstari ulionyooka. Kwa mwimo wa mlango tabia hii ni msaada. Kwa matao mawili yasiyohusiana, inakuletea mstari usioutaka ukikata mchoro katikati. Kila tao linalojitegemea lianze na `beginPath`, amri ya kuanza njia mpya. Hiyo pia inazuia michoro ya mwanzo isichorwe upya kila unapoita `stroke`, amri inayopitisha wino juu ya njia, jambo linaloifanya mistari ya kale ionekane mizito kuliko mipya.

Na unene wa mstari unagawanyika pande mbili za njia: mstari wa unene wa 20 unaingia 10 ndani na kutoka 10 nje. Mlango ukitakiwa uwe na nafasi ya 240 kamili ndani ya fremu ya 20, nusukipenyo cha kuchora ni 130, si 120. Kwa fundi atakayekata mbao kwa mchoro wako, tofauti hiyo si ndogo.

Nne, tao bapa

Mara nyingi nafasi ya juu haitoshi nusuduara. Fundi anakupa vipimo viwili tu: upana wa mlango na kimo cha tao. Kitovu hakukupa, wala hana sababu ya kukupa. Hiyo ni kazi yako. Kanuni ni hii: nusukipenyo ni upana mara upana, jumlisha kimo mara kimo mara 4, jumla yake ugawe kwa kimo mara 8.

Tuchukue upana 240 na kimo 80. Upana mara upana ni 57,600. Kimo mara kimo mara 4 ni 25,600. Jumla 83,200, gawa kwa 640, unapata 130 kamili. Kitovu kiko chini ya mstari wa miguu kwa 130 toa 80, yaani 50.

Pembe usizikisie. Mwachie `Math.atan2` kazi hiyo, ukikumbuka kwamba inapokea Y kwanza, kisha X:

```
const upana = 240, kimo = 80;
const a = upana / 2;
const r = (upana * upana + 4 * kimo * kimo) / (8 * kimo);
const shuka = r - kimo;

k.beginPath();
k.arc(x0, y0 + shuka, r,
      Math.atan2(-shuka, -a),
      Math.atan2(-shuka, a));
k.stroke();
```

Alama ya kutoa kwenye `-shuka` ipo kwa sababu miguu iko juu ya kitovu, na juu ni upande wa Y kupungua. Ukiiondoa, tao litaanza na kuishia mahali pengine kabisa, chini ya kitovu.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba kimo kikifika nusu ya upana, inakurudishia nusuduara yenyewe. Kimo kisiwe sifuri tu, utakuwa unagawa kwa sifuri.

Tano, tao lenye ncha

Hili nalipenda kuliko yote, kwani linaonekana gumu na kumbe ni vipande viwili vya duara la kawaida. Kila upande una kitovu chake, na vitovu vyote viwili vimekaa juu ya mstari wa miguu. Upande wa kushoto wa tao unachorwa kutoka kitovu kilichosogea kulia, na wa kulia kutoka kitovu kilichosogea kushoto. Nusukipenyo cha kila kipande ni nusu ya upana mara yenyewe, jumlisha kimo mara chenyewe, gawa kwa upana mzima.

Kwa upana 240 na kimo 180: 14,400 jumlisha 32,400 ni 46,800; gawa kwa 240, unapata 195. Vitovu vimesogea 195 toa 120, yaani 75 kila upande.

```
const h = 180;
const R = (a * a + h * h) / upana;
const sogeo = R - a;

k.beginPath();
k.arc(x0 + sogeo, y0, R, Math.PI, Math.atan2(-h, -sogeo));
k.arc(x0 - sogeo, y0, R, Math.atan2(-h, sogeo), 0);
k.stroke();
```

Vipande vyote viwili viwe ndani ya `beginPath` moja. Hapo Canvas inaunga ncha vizuri na kuichonga iwe kali. Ukivichora mbalimbali, kwa mstari mwembamba hutaona kitu, ila kwa mstari mnene juu kabisa patatokea pengo dogo la pembe tatu, kana kwamba mbao mbili hazikukatwa sawasawa.

Ukitaka ncha iliyo ndefu, ongeza kimo. Vitovu vikifika kwenye miguu yenyewe, nusukipenyo kinakuwa sawa na upana, na kimo kinakuwa kama 208 kwa upana wa 240. Kimo kikishuka mpaka nusu ya upana, vitovu vinakutana katikati na ncha inapotea, umerudi kwenye nusuduara. Chini ya hapo usiende kwa kanuni hii.

Sita, duaradufu

Tao bapa tulilolichora lina tatizo moja la sura: linapokutana na mwimo linafanya kona. Nusu ya duaradufu haina kona hiyo. Inashuka wima kabisa kwenye mwimo na bado kimo chake ni kifupi. Kwa macho yangu, mlango mpana wa baraza unapendeza zaidi hivi, ingawa fundi atakuambia tao la duara ni rahisi kukata, na ana haki.

Amri ni `ellipse`. Badala ya nusukipenyo kimoja inataka viwili, cha mlalo na cha wima, kisha mwinamo wa duaradufu zima, kisha pembe:

```
const rx = 120, ry = 80;
k.beginPath();
k.ellipse(x0, y0, rx, ry, 0, Math.PI, 2 * Math.PI);
k.stroke();
```

Kwenye Cairo hakuna amri ya duaradufu. Kule unahifadhi hali ya ubao, unasogeza kitovu, unabana ubao upande mmoja, unachora duara, kisha unarudisha hali ya mwanzo *kabla* ya kupitisha wino. Ukipitisha wino ubao ukiwa bado umebanwa, unene wa mstari nao unabanwa: mnene pembeni, mwembamba juu, au kinyume chake. Jambo hilohilo litakupata kwenye Canvas ukitumia `scale`.

Sasa pembe. Kwenye duaradufu, pembe unayoiandika si pembe utakayoipima kwa protrakta. Kompyuta inachukua duara, inaweka nukta kwa pembe yako, kisha inalibana duara pamoja na nukta yake. Kwa duaradufu la 200 kwa 100, ukiandika nyuzi 45, nukta inaangukia kwenye nyuzi 26 na nusu hivi. Ukitaka mstari utoke kitovuni kwa nyuzi 45 halisi, geuza kwanza:

```
const pembe = (halisi, rx, ry) =>
  Math.atan2(rx * Math.sin(halisi), ry * Math.cos(halisi));
```

Kwa mfano huo inakupa nyuzi 63.4, na nukta inakaa (89.4, 89.4) kutoka kitovuni, ambayo ndiyo 45 ya kweli.

Jingine la kuangalia ni ukanda wa nakshi unaozunguka tao. Kwenye duara, ukichora tao la pili lenye nusukipenyo pungufu kwa 20, ukanda una upana wa 20 kila mahali. Kwenye duaradufu sivyo. Ukitoa 20 kwa rx na 20 kwa ry, ukanda unabaki 20 juu na pembeni, lakini mabegani unapungua. Kwa 120 kwa 80 hutauona upungufu, kwa tao refu la 300 kwa 60 utauona bila kutafuta. Njia fupi: chora duaradufu moja tu, ile ya katikati ya ukanda, kwa mstari wenye unene wa 20.

Saba, misumari ya shaba kwenye tao

Hapa ndipo mtu anapojua kama mchoraji alizielewa pembe au alinakili tu. Tunataka vichwa 15 vya misumari vikae kwenye nusu ya duaradufu kwa nafasi sawa. Njia ya haraka ni kugawa pembe sehemu 14 zilizo sawa. Ukifanya hivyo kwenye 120 kwa 80, misumari ya karibu na miguu inaachana kwa kama 18, na ya juu kwa kama 27. Jicho linaiona mara moja: chini imesongamana, juu imetawanyika.

Urefu wa duaradufu hauna kanuni fupi iliyo kamili, kwa hiyo tunaupima kwa kutembea. Tunalikata tao vipande vidogo 2,000, tunajumlisha urefu, kisha tunaweka msumari kila tunapofikisha kipimo:

```
const idadi = 15, n = 2000;
const t = j => Math.PI + Math.PI * j / n;
const X = j => x0 + rx * Math.cos(t(j));
const Y = j => y0 + ry * Math.sin(t(j));

const urefu = [0];
for (let j = 1; j <= n; j++) {
  urefu.push(urefu[j - 1] +
    Math.hypot(X(j) - X(j - 1), Y(j) - Y(j - 1)));
}

let p = 0;
for (let m = 0; m < idadi; m++) {
  const lengo = urefu[n] * m / (idadi - 1);
  while (p < n && urefu[p] < lengo) p++;
  k.beginPath();
  k.arc(X(p), Y(p), 4, 0, 2 * Math.PI);
  k.fill();
}
```

Urefu mzima unatoka kama 317, na nafasi kati ya msumari na msumari kama 22.7, sawa kila mahali. Badilisha `idadi` utakavyo. Namba witiri inakupa msumari mmoja katikati juu kabisa, juu ya mfaa wa mlango.

Nane, kulipeleka kwa fundi

Canvas ni ya kioo. Kwa karatasi, andika tao lilelile kwa SVG, aina ya mchoro unaoandikwa kwa maandishi, kwani SVG inakubali milimita. Tao bapa letu la 240 kwa 80 linakuwa hivi:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg"
     width="250mm" height="90mm" viewBox="-5 -5 250 90">
  <path d="M 0 80 A 130 130 0 0 1 240 80"
        fill="none" stroke="black" stroke-width="0.5"/>
</svg>
```

SVG haiulizi kitovu wala pembe. Unataja unapoanzia, nusukipenyo viwili, mwinamo, kisha sifuri au moja mara mbili, kisha unapoishia. Ile ya kwanza inauliza kama unataka upande mrefu wa duara (1) au mfupi (0). Ya pili inauliza mwelekeo: 1 ni kwa mwendo wa saa. Tao likitoka limepinduka, badilisha ya pili. Kwa duaradufu, andika `A 120 80` badala ya `A 130 130`.

Kuwa makini na jambo moja. Nusukipenyo kikiwa kidogo mno kufikisha mguu mmoja kwa mwingine, SVG haitoi kosa lolote. Inakikuza kimyakimya hadi kifike. Ukiandika 100 mahali pa 130 hapo juu utapata nusuduara la 120, na si tao uliloagizwa.

Unapochapisha, weka kiwango cha asilimia 100 na uzime chaguo la kubana mchoro uenee kwenye ukurasa. Upana wa 250mm unaenea kwenye A4 iliyolazwa. Kwa mlango wa mita 1.2, zidisha kila kipimo cha tao kwa 5 na ugawe `viewBox` (eneo la mchoro linaloonyeshwa) vipande vya kurasa, kila kimoja kikizidi kidogo kuingia kwenye mwenzake ili viungane kwa gundi. Kabla karatasi haijabandikwa kwenye ubao, chukua futi kamba upime kutoka mguu hadi mguu, kisha kutoka mstari wa miguu hadi juu. Vipimo viwili hivyo vikiwa sawa na alivyokupa fundi, na tao lote liko sawa.